Pazia ya Mukwe Wangu

Kama hukusoma juma lililopita, usihangaike. Mashaka yangu yako palepale, hayakwenda matembezi.

Mimi ni Dominique, mutu wa Kabambare, mupiga barabara. Miaka kumi na moja nilijaza mashimo ya barabara ya kwenda Kasongo kwa koleo na kitunga. Siku muke wangu Pascaline aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, gari ya dispansere, ile ya kubeba wagonjwa, haikuwapo. Ilikwenda Kasongo, juu ya barabara ileile niliyoitengeneza mimi, kuchukua frigo, sanduku ya baridi, ya Bwana mukubwa wa teritware.

Frigo ilifika salama. Pascaline alikufa na mutoto tumboni.

Niliuliza. Waliniambia: «Ni bahati mbaya.» Mimi nasema bahati mbaya haina karani, haina muhuri, haina dereva. Ile ilikuwa na vyote vitatu.

Siku ya maziko, mama mukwe wangu, Mama Léocadie, akamushika mukono binti yangu Marguerite, miaka mitano, mutoto wangu mumoja tu aliyebaki. Akasema: «Huyu atalala kwangu mpaka baba yake amalize kilio.» Ni miaka miwili sasa. Kilio hakijaisha, maana mwenye kukifunga ni yeye.

Na alitaka nini ili akifunge? Hapo ndipo watu wa Kabambare walinicheka mpaka wakashika mbavu.

Alitaka kula hoteli.

Musicheke na ninyi. Wakati wa vita ya Wadachi, Mama Léocadie alikuwa musichana. Waliwakamata watu kubeba mizigo toka Kabambare mpaka ziwani Tanganyika. Wengine walipewa risasi, wengine chumvi. Yeye walimutwika sanduku ya sahani za wakubwa: sahani nyeupe, uma, visu, na kitambaa cha meza. Jioni wakubwa wanafungua sanduku, wanakula. Yeye anatafuna muhogo mukavu nyuma ya mizigo. Mpaka leo shingo yake imepinda upande wa kushoto, na husema: «Shingo inazijua zile sahani. Kinywa hakizijui.»

Pascaline alimuahidi: «Mama, siku utakayotimiza miaka sitini, utakula palepale ziwani. Mezani, mbele, penye kitambaa.» Akafa kabla ya kutimiza. Ahadi ya marehemu nani anaibeba? Mume wake.

Miaka sitini yenyewe ni ya nani, sijui. Serikali iliandika katika buku yake «karibu mwaka 1898». Padri aliyemubatiza akamupa siku ya mutakatifu wa jina lake, tarehe tisa ya mwezi wa kumi na mbili. Serikali ilitoa mwaka, padri akatoa siku. Mama aliyemuzaa hakuulizwa.

Basi, juma lililopita niliwaeleza namna nilivyouza kinga yangu, baisikeli ile ya kazi, namna nilivyoomba karatasi ya ruhusa ya njia mara nne, na kamyo, lori ile iliyotutupa Kongolo sawa magunia ya pamba. Leo tumeshuka treni. Tuko Albertville, pembeni ya ziwa lenyewe, tarehe nane, mwaka 1958. Karamu ni kesho. Na hoteli sijaipata.

Neno moja bado, maana bila hilo hamutaelewa kitu. Kwetu, mutu na mama mukwe wake hawali uso kwa uso. Hata kumuona anatafuna ni haya. Hata kusema naye moja kwa moja ni haya. Munasema kupitia kitu kingine. Mama Léocadie husemea kikapu chake.

Ukila mbele ya mukwe, ao ukimuona anatafuna, kwa kosa lako, ukwe umekufa. Unarudi kwenu mikono mitupu, mutoto anabaki kwao. Iko njia moja tu ya halali: mukwe mwenyewe akulishe tonge kwa mukono wake. Unameza kwanza. Kisha anasema neno. Akisema «mwanangu», umekuwa mutoto wa tumbo lake, na kilio kimefungwa. Chukua binti yako uende. Akisema «tumemalizana», basi mumemalizana, mutoto anabaki kwake. Na hakuna ruhusa ya kuuliza kabla ya kumeza.

Kwa hiyo mimi sikutafuta hoteli tu. Nilitafuta hoteli yenye meza ya mbele kwa Mama, na pazia kwa mimi.

Tulifikia kwa Gaston, shemeji yangu, mwana wa Mama Léocadie. Ni karani wa ofisi moja kubwa pale muji, ana kadi yake ya evolue, mweusi ambaye Wazungu wamemuandika kuwa amestaarabika, ndani ya mufuko wa shati, anaipapasa kila mara sawa mutu mwenye kuumwa kifua.

Mama akasimama mulangoni, akatazama nyumba, akaangalia kikapu.

«Wewe kikapu,» akasema, «muulize yule mutu wa barabara: hii ni nyumba ya mwanangu ao ni chumba ya kuku?»

«Mama!» Gaston akasema. «Hii ni nyumba ya kisasa. Ya matofali.»

«Kikapu, kuku wa hapa wana matofali.»

Nilicheka, nikageuza uso kwa heshima. Gaston akanivuta nje.

«Shemeji, sikia. Hapa si Kabambare. Mutakula kwangu, Apolline atapika vizuri, mambo yameisha.» Apolline ni muke wake.

«Kuna kitambaa cheupe?»

«Kuna kitambaa cha plastiki.»

«Gaston, mama yako hakubeba plastiki.»

Akafikiri. Akasema tuende Serkle yao ya waevolue, pale wanasoma magazeti na kunywa limonade. Nikamuuliza kama mama yake ataingia. Akasema ataingia kama mutu mwenye kadi amemushika mukono. Nikasema, wewe una kadi, mushike. Akapapasa kifua.

«Kesho kuna mazungumzo ya usafi pale. Anakuja Muzungu kutufundisha kunawa mikono.»

«Na waevolue hamujui kunawa?»

«Usianze, shemeji.»

Tukaenda sokoni, kwa Kasimu, mutu wa Kasongo anayepikia wasafiri. Pale, wasomaji, moyo wangu ulifurahi. Kulikuwa pazia! Kitambaa cha buluu toka ukuta mpaka ukuta, wanawake upande mumoja, wanaume upande wa pili. Wali ulinukia sawa nyumbani.

«Mulete Mama,» Kasimu akasema, «namupikia kuku na nazi. Mukwe huku, mukwe kule, hakuna atakayeona jino la mwenzake.»

Nikarudi mbio. Nikakiambia kikapu: kumepatikana. Nikakieleza kikapu wali, nazi, pazia.

Mama akakivuta kikapu karibu.

«Kikapu,» akasema, «wali wa Kasongo nimekula toka meno ya kwanza. Kwa Kasimu wanakaa wapi?»

«Juu ya mukeka,» nikakiambia kikapu.

«Nilipanda treni siku mbili ili nikae juu ya mukeka?»

Ni kweli.

Karibu na stesheni kulikuwa Mugiriki mwenye restora. Meza zake zilikuwa na vitambaa vyeupe, nikaviona kupitia mulango. Nikasema nataka meza. Akanielekeza kwa kidole: zunguka nyuma. Nyuma kulikuwa dirisha kadogo, na watu weusi wamepanga mustari, wanapokea samaki ndani ya karatasi.

Nikarudi mbele.

«Bwana, sheria mpya inasema mulango ni mumoja.»

«Sheria ikuje kula,» akasema. «Nitaipikia.»

Kusema haki, mwaka ule walikuwa wamesoma karatasi mbele ya bendera, hata kwetu Kabambare: hoteli na restora ni za watu wote, mweusi na mweupe. Waliisomea watu. Hawakuisomea milango.

Ilibaki fasi moja. Hoteli kubwa pembeni ya ziwa, jina lake nalificha, maana mwenyewe angali hai na ana wakili. Gaston aliposikia akashika kichwa.

«Pale chef wangu, mukubwa wa ofisi, anakula kila siku saa sita! Unataka kuniua?»

«Basi kesho utamusalimia.»

«Shemeji, wewe huna kitu cha kupoteza. Mimi niko na kadi.»

Huna kitu cha kupoteza! Niliondoka bila kumujibu, maana ningemujibu kwa koleo.

Nilipita kwa mulango wa jikoni kwanza, mutu wa barabara anajua kupima udongo kabla ya kuchimba. Pale nikakuta boyi wa meza, mutu muzima mwenye mvi, nguo nyeupe, anapangusa bilauri.

«Unatafuta kazi?»

«Natafuta meza.»

Akaacha kupangusa. «Sauti yako ni ya Maniema.»

«Kabambare.»

«Mimi Zuberi, wa Nyangwe, pembeni ya muto mukubwa. Sisi tunakula samaki, ninyi munakula habari za samaki.»

«Ndiyo maana tumekuja kuwatembelea samaki kwao.»

Akacheka. Nikamueleza yote: sahani, shingo, Marguerite, pazia. Nilipofika kwa Marguerite akaacha kucheka. Alinielewa upesi, mutu wa Nyangwe hafundishwi haya ya ukwe. Akanionyesha: chumba kikubwa cha kulia kilitazama ziwa, na kando yake chumba kadogo cha kuchezea karata. Kati yao, pazia nzito ya rangi nyekundu.

«Mama hapa, dirishani. Wewe pale, nyuma ya nyekundu,» akasema. «Lakini neno ni la Madame, mwenye hoteli.»

Madame alikuja. Mwanamuke murefu, funguo kiunoni.

«Wewe nataka nini?»

«Madame, nataka meza. Kesho, saa sita ya muchana. Mama mukwe wangu anatimiza miaka sitini.» Sikutaja usiku, maana usiku mutu mweusi hakuwa na ruhusa ya kuonekana katika muji wa Wazungu.

Uso wake ukafungana. Macho yakaenda kwa vitambaa, kwa ziwa, kwa dari. Niliona anatafuta uongo, hajaupata.

Nikasema: «Na tafadhali, Madame, pazia. Bila pazia sisi hatuwezi kula.»

Wasomaji, mungeona! Uso ule ulifunguka sawa mulango wa kanisa.

«Pazia iko! Pazia muzuri! Wewe iko mutu ya akili sana.»

Toka nizaliwe hakuna Muzungu aliyeniambia nina akili. Ilinipasa niogope. Mimi, mujinga bule kabisa, nilifurahi.

Nilirudi kwa Gaston, nikakiambia kikapu: meza imepatikana, kitambaa cheupe, mbele, ziwa kwa dirisha. Mama Léocadie akaomba mayi ya moto, akaanza kufua kikwembe chake kizuri, kitenge cha sikukuu, yeye mwenyewe, akamukataza Apolline asimusaidie.

Tarehe tisa, saa sita.

Mama alivaa kikwembe cha manjano, kitambaa kichwani, viatu vya Apolline vilivyomubana. Gaston alivaa koti, tai, na miwani nyeusi.

«Miwani ya nini?» nikamuuliza.

«Jua.»

«Tuko ndani.»

«Jua linaingia.»

Kwa shida nilimushawishi akae na mama yake. Mwana anaweza kula na mama, hakuna haya. Mimi niliingia chumba ya karata kabla Mama hajagusa kiti, nikaketi, nikavuta pazia mpaka mwisho. Sikuona tena kitu. Nilisikia tu.

Nikasikia kiti kinavutwa. Nikasikia kikapu kinawekwa juu ya kiti cha pili. Nikasikia sauti za Wazungu zinakatika moja moja, meza kwa meza, sawa vyura wakisikia nyayo.

Zuberi alipita na supu yangu. Akaninong'oneza: «Hajala. Ameshika sahani tupu kwa mikono miwili. Anaipima.»

Na kweli nikamusikia Mama.

«Kikapu,» akasema polepole. «Ni nyepesi. Kumbe moja ni nyepesi hivi?»

Nilifunika uso kwa kofia yangu. Sitaki kusema zaidi pale.

Kisha uma ukagonga sahani. Alianza kula. Samaki ya ziwa, sangala, na viazi. Mimi nyuma ya nyekundu nilikuwa najisemea: Pascaline, unaona? Frigo ilikuzuia, mimi nimeweza.

Pale pale pazia ikasukumwa, Gaston akaanguka ndani, miwani imekaa upande.

«Shemeji, sogea.»

«Nini?»

«Chef ameingia. Chef wa ofisi.»

«Na mama yako?»

«Mama anaangalia ziwa.»

«Gaston! Hii pazia ni ya mukwe. Wewe ni mwana!»

«Leo mimi pia ni mukwe,» akasema, akakaa chini ya meza yangu, na koti lake, na tai yake, na kadi yake.

Kwa hiyo Mama alibaki peke yake, mwanamuke mweusi mumoja kati ya meza kumi na mbili. Na visigino vya Madame vikaanza kuja. Ko, ko, ko.

«Wewe! Mama! Nani aliweka wewe hapa?»

Uma ukagonga sahani.

«Mimi nasema na wewe! Yule mutu alitaka pazia. Pazia iko kule. Ninyi wote iko nyuma ya pazia. Kuja!»

Ndipo nikaelewa akili yangu ilikuwa akili gani. Nilipoomba pazia, yeye alifikiri naomba kumuficha Mama. Ndiyo maana uso ulifunguka. Pazia niliyoiomba kwa heshima, yeye aliikata kuwa sanda.

Nikasikia Mama Léocadie, sauti ileile ya kuuliza bei ya chumvi.

«Kikapu, mwambie huyu mwanamuke bado nakula.»

«Anasema na kikapu!» Madame akapaza sauti kwa meza nyingine. Mutu mumoja akacheka.

«Kikapu, muulize. Siku niliyobeba sahani zao, waliniambia nipite nyuma? Hapana. Waliniambia, tangulia, wewe mwenye sahani, usivunje. Nilikuwa mbele toka Kabambare mpaka hapa. Sasa zimefika, ndiyo nirudi nyuma?»

«Zuberi! Ondosha sahani!»

Nikamusikia Zuberi: «Madame, mutu hajamaliza.»

«Ondosha!»

«Bado kuna samaki, Madame.»

Mimi nilikuwa nimesimama. Gaston akanishika muguu kwa mikono miwili.

«Usitoke! Shemeji, Mama ana chakula kinywani! Ukimuona anatafuna umevunja. Mimi ni ukoo wake, mimi ndiye nitaitwa shahidi, nitasema nini? Marguerite utamupoteza kwa mukono wako!»

Alisema kweli, mwizi yule. Mbele yangu pazia moja, na upande wa pili mambo mawili: mukwe wangu anaonewa, na kinywa cha mukwe wangu kinatafuna. Nikitoka nimepoteza mutoto. Nikikaa nimekuwa Gaston.

Wakubwa wa nchi hii wananijua. Walinipa barabara, wakaninyima gari. Walinipa sheria, wakaninyima mulango. Sasa walitaka kutumia haya ya wazee wetu iwe kamba ya kunifunga.

Nikabandua mikono ya Gaston. Nikageuka, nikatoa mugongo.

Nikatoka kinyumanyuma.

Ndiyo, wasomaji, chekeni, na wao walicheka. Mupiga barabara wa Kabambare, viatu vya kazi, anatembea mugongo mbele katika hoteli ya Wazungu, anapapasa viti kwa mukono. Nilipiga meza moja, bilauri ikaanguka. Sikugeuka. Nilikwenda nikihesabu hatua mpaka nikasikia pumzi ya Mama nyuma ya kisogo changu. Pale nikasimama, mugongo kwa mukwe, uso kwa Madame.

«Wewe iko nafanya nini?» akauliza.

«Nakuzuia, Madame. Mama akimaliza kula nitakuacha.»

«Wewe mwenyewe alitaka pazia!»

«Pazia ni yangu. Mimi ndiye ninayefichwa, kwa heshima yake. Kwetu anayejificha ni mudogo, mukubwa anakaa peupe. Kwenu munafanya vingine, si kosa langu.»

«Mimi naita polisi.»

«Ita. Polisi ana gari? Muke wangu hakupata.»

Hakuelewa, lakini nilikuwa nimelisema. Miaka miwili neno lile lilikuwa shingoni mwangu sawa mufupa wa sangala, leo limetoka mbele ya Wazungu wote wenye vitambaa vya kulia vifuani.

Chef wa Gaston akauliza kwa Kiswahili chake cha ofisi: «Huyu ni nani?»

Na Zuberi, mikono nyuma ya mugongo, sahani hajaigusa, akajibu: «Ni mukwe, Bwana.»

Madame akaenda kwa simu. Nikamusikia anazungusha, anasema jina la komiseri. Meza mbili zikasimama, zikalipa, zikaondoka. Nyingine zikabaki, na naomba kusema haki: mama mumoja muzungu, muzee, aliinama juu ya supu yake na kuendelea kula kama hakuna kitu. Sijui alikuwa upande gani. Lakini hakuondoka.

Nyuma yangu uma ukalazwa juu ya sahani. Polepole. Mutu amemaliza.

Nikangoja kikapu kiitwe.

Hakikuitwa.

«Dominique.»

Wasomaji, miaka tisa nilikuwa mukwe wa mwanamuke yule. Jina langu halijapata kupita kwa midomo yake.

«Dominique. Geuka.»

Kutoka nyuma ya pazia Gaston akapiga kelele: «Mama, hapana! Mama, haya!»

«Wewe nyamaza, kuku wa matofali.»

Nikageuka. Macho chini. Nikaona viatu vya Apolline, amevivua, vimepangwa vizuri chini ya kiti. Nikaona miguu yake peku juu ya sakafu inayong'aa.

«Kikapu kiondoe. Keti.»

Nikaondoa kikapu. Nikaketi. Kati yetu kitambaa cheupe, sahani, na kipande kimoja cha samaki, kizuri, cha tumboni. Alikuwa amekiacha. Sijui alikiacha toka lini.

Akaweka uma mbali. Akachukua kile kipande kwa vidole vyake, akakikunja na kiazi, akakifanya tonge sawa ya bugali.

Nje gari ikafunga breki. Milango miwili ikapigwa.

«Inua uso,» akasema.

Nikainua. Kwa mara ya kwanza nikamutazama. Shingo imepinda, macho makavu, siwezi kuyasoma, mimi si mutu wa shule. Ni mwanamuke niliyemupotezea binti, nilifikiri, hata kama frigo ndiyo ilimuua. Ni mwanamuke niliyemuletea aibu siku yake ya miaka sitini. Ni mwanamuke niliyemuletea sahani. Ni yupi kati ya hao ananilisha?

«Mama,» nikaanza.

«Hakuna kuuliza. Fungua kinywa.»

Gaston alikuwa ametoka nyuma ya pazia, bila miwani. Chef wake alimuona. Hata Gaston hakujali tena. Buti zikaingia kizingitini, polisi wawili weusi na komiseri nyuma yao, na Madame anaonyesha kidole: «Ni wale!»

Nikafungua kinywa.

Tonge likaingia. Chumvi, mafuta, mufupa mudogo mumoja. Nikatafuna mbele yake, mbele ya wakubwa, mbele ya polisi, wazi, sikuficha hata jino. Kama ni kupoteza, nitapoteza nikiwa nimeketi mezani.

Nikameza, na mufupa wake.

Komiseri akafika, akaweka mukono juu ya bega langu. Mama Léocadie hakumutazama. Aliinua kidole kimoja chenye mafuta ya samaki, namna unavyomwambia mutoto angoje zamu yake.

Na komiseri, Mungu ni shahidi, akangoja.

Ndipo mama mukwe wangu akapangusa vidole kwa kitambaa kile cheupe, kimoja kimoja, akaniinamia, akafungua kinywa aseme neno lake.